Ngoma ipi, bosi?

Simu iliingia saa tatu usiku, nimeshavua viatu. Dereva alikuwa mtu wa Kahama, mpole kupita kiasi, na upole huo ndio ulionitia wasiwasi.

"Bosi, niko Ngoma tangu saa kumi. Huyu tajiri wa mchele hapa hajulikani. Nimeuliza sokoni, nimeuliza msikitini, nimeuliza hadi kituo cha polisi. Hajulikani."

Nikamwambia aulize vizuri, Ngoma si mji mkubwa. Kimya kidogo, kisha akaniuliza kwa adabu ileile: "Ngoma ipi, bosi?"

Ilikuwa 2008. Mimi ni wakala wa forodha Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, upande wetu wa Ngara. Kazi yangu ni karatasi, na mtu wa karatasi hana pa kujificha, maana kosa lake lina mwandiko wake. Kwenye hati ya mzigo ule, penye mahali pa kushushia, nilikuwa nimeandika maneno mawili tu: Ngoma, Rwanda. Kumbe Rwanda ina Ngoma zaidi ya moja. Iko Ngoma wilaya, upande wa mashariki, kilomita kama 60 kutoka darajani kwetu, na makao yake ni mji ambao sisi tumekua tukiuita Kibungo. Halafu iko Ngoma kata, ndani ya wilaya ya Huye, kusini kabisa, katikati ya mji ambao kila mtu aliujua kwa jina la Butare. Mchele, tani 30, ulikuwa wa Butare. Lori limelala Kibungo.

Kutoka Kibungo kwenda Butare unapanda hadi Kayonza, unapita Rwamagana, unaingia Kigali, ndipo unaanza kushuka kusini. Ni zaidi ya kilomita 200, na milima yake. Mafuta yale nililipa mimi. Tajiri naye akanikata hela ya siku moja ya kuchelewa, akaniambia nimshukuru Mungu kwamba haukuwa mzigo wa maziwa.

Kesho yake nikanunua kaunta buku. Nikapiga mstari katikati ya ukurasa, kushoto nikaandika Zamani, kulia nikaandika Sasa. Daftari hilo bado ninalo, jalada limeshabanduka. Ruhengeri, Musanze. Gisenyi, Rubavu. Kibuye, Karongi. Cyangugu, Rusizi. Byumba, Gicumbi. Gitarama, Muhanga. Gikongoro, Nyamagabe. Kibungo, Ngoma. Butare, Huye. Chini ya Huye nimeongeza kwa wino mwekundu: "ina Ngoma yake!" Na miaka kadhaa baadaye, kwa wino mwingine: "ina Kigoma pia." Kweli, ndani ya Huye kuna kata inaitwa Kigoma. Ukimtuma dereva wa Kigoma mjini apeleke mzigo Kigoma, mjulishe mapema.

Mabadiliko yenyewe yalikuja kama mvua ya usiku. Sheria ina tarehe ya 31 Desemba 2005, na 1 Januari 2006 nchi iliamka na ramani nyingine. Mikoa 12 ikawa 5, ukihesabu na Jiji la Kigali. Wilaya 106 zikawa 30. Kata, wenyewe huziita imirenge, zilikuwa 1,545 zikawa 416. Butare, Gitarama na Gikongoro ziliunganishwa zikawa Kusini. Cyangugu, Kibuye na Gisenyi, pamoja na kipande cha Ruhengeri, zikawa Magharibi. Ruhengeri iliyobaki na Byumba, na sehemu ya Kigali Ngali, yaani mkoa uliozunguka jiji la Kigali, ikawa Kaskazini. Jirani zangu wa Kibungo na Umutara wakachanganywa na kipande cha Byumba na eneo kubwa la Kigali Ngali, wakaambiwa: nyinyi ni Mashariki.

Sisi mawakala tulicheka sana. Pale kwenye kibanda cha chai karibu na daraja, mmoja wetu aliuliza kama nchi inayojiita ya vilima elfu imekosa jina la kilima kimoja tu. Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi: hayo ni majina ya mkoa au ni mtihani wa jiografia wa darasa la tatu? Nilicheka na wenzangu. Nilikuwa kijana, na sikuwa nimewahi kujiuliza jina la mahali linafanya kazi gani zaidi ya kumfikisha dereva.

Aliyenifunga mdomo ni mzee mmoja wa Kibungo, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akivuka mara mojamoja kuja kununua dagaa na sabuni. Kiswahili chake alikiokota Nyamirambo, ule mtaa wa Kigali ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani muda mrefu kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Alinisikia nikitania. Akaweka mfuko wake chini.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa wapi?"

"Ngara, mzee."

"Ngara ya Bugufi au Ngara ya Bushubi?"

Nikababaika. Msomaji asiyetoka kwetu inabidi aelezwe: wilaya ya Ngara ni himaya mbili zilizowekwa kwenye kapu moja, Bugufi ya Wahangaza na Bushubi ya Washubi. Bibi yangu mpaka anafariki hakuwahi kusema anaishi Ngara, sembuse Kagera. Alisema yuko Bugufi, basi. Nikamjibu mzee kwamba mimi ni wa Bugufi.

"Umeona? Uliponiambia Ngara sikupata habari yoyote. Uliponiambia Bugufi nikajua mpaka chakula mnachokula. Sasa kwetu, mtu akisema Gisenyi, au akisema Gitarama, alikuwa ameshasema mambo mengi mno. Hawa wametafuta jina lisilo na habari."

Kisha akachukua mfuko wake, akaenda zake kupanga foleni.

Sentensi hiyo imenikaa kichwani miaka yote hii. Baada ya uhuru, chini ya Grégoire Kayibanda, watu wa Gitarama walionekana ndio wenye nchi, maana ndiko rais alikotoka. Julai 1973 Juvénal Habyarimana akampindua, na neema ikahamia kaskazini, Gisenyi kwanza, Ruhengeri ikifuata. Kulikuwa na mgao rasmi wa nafasi za shule na kazi uliohesabu kabila na mkoa unaotoka. Watu wa kaskazini waliitwa Abakiga, wa kusini na kati Abanyenduga, na hayo hayakuwa majina ya utani wa watani wa jadi kama wetu, ambapo Mhaya anatukanwa na kila mtu na anafurahia. Ukitaja mkoa wako ulikuwa umetaja mlo wako, au njaa yako.

Ya 1994 yanajulikana, sitayarudia. Nitasema tu tulichokiona sisi. Mwisho wa Aprili mwaka ule, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja. Nilikuwa mtoto. Ninachokumbuka ni sauti, ile ya miguu mingi ikitembea bila mtu kusema neno. Baadaye, Benaco ilipokuwa kambi kubwa kuliko mji wowote tuliowahi kuuona, watu walijipanga humo kwa maeneo waliyotoka, yaani ramani ya zamani ya Rwanda ikachorwa upya kwa turubai za bluu kwenye ardhi yetu.

Basi serikali iliposema mwaka 2006 kwamba inataka kuachana na migawanyiko ya zamani, pamoja na kutaka wilaya chache zenye nguvu ya kutoa huduma, sababu ya kwanza haikuwa maneno ya kupamba hotuba. Nani atagombana kwa ajili ya Kusini? Nani atasema "sisi wana wa Magharibi tumeonewa tangu enzi za mababu"? Magharibi haina mababu. Iliumbwa usiku wa mwaka mpya.

Hapo lakini inabidi nijikosoe, kwa sababu hata dira haiko tupu kama inavyoonekana. Angalia sisi Waswahili. Kaskazini ni kunakotoka upepo wa kaskazi, kusini ni kunakotoka kusi. Majina yetu yamebuniwa na watu wa jahazi, watu waliokuwa wakisubiri upepo Lamu au Unguja ili waende au warudi. Mashariki na magharibi tukayachukua kwa Waarabu, kuchomoza na kuzama kwa jua. Mnyarwanda hana bahari, ana jua na mlima. Mashariki yake ni Iburasirazuba, linapochomozea jua, na magharibi ni Iburengerazuba, jua linapovukia ng'ambo. Kaskazini ni Amajyaruguru, ndani yake kuna ruguru, juu. Kusini ni Amajyepfo, ndani yake kuna epfo, chini. Na ukipanda basi kutoka Kigali kwenda Musanze utajua kwa nini: masikio yanaziba, ubaridi unaingia dirishani, na mbele yako inatokea safu ya volkeno. Kule ni juu kweli. Mhangaza akiyasikia majina hayo hahitaji mkalimani. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyasoma kwa Kiswahili, kwenye fomu, nikadhani hayana ladha.

Sasa shuka ngazi moja, uje kwenye wilaya. Huko hawakutumia dira kabisa. Huye ni mlima. Rubavu ni mlima juu ya mji wa Gisenyi. Burera ni ziwa, Rusizi ni mto unaotoka Ziwa Kivu kwenda Tanganyika. Bugesera ilikuwa ufalme. Gasabo, moja ya wilaya 3 za Jiji la Kigali, ndiko masimulizi ya Wanyarwanda yanakouweka mwanzo wa ufalme wao. Yaani juu wameweka majina yasiyo na kumbukumbu, chini wameweka majina yenye kumbukumbu ya zamani kuliko ugomvi. Kilichorukwa ni cha katikati tu, ile mikoa ya enzi ya Wabelgiji na ya marais wawili wa kwanza. Nikiangalia kaunta buku langu naona safu ya kushoto ndiyo changa, ya kulia ndiyo kongwe, ingawa mimi nimeandika Zamani na Sasa kinyume chake.

Penye lawama nitalaumu. Kuunganisha mikoa ni jambo moja, kubadilisha majina ya miji ni jingine, na la pili halikuwa lazima. Gitarama ingeweza kubaki mji wa Gitarama ndani ya wilaya ya Muhanga, na hakuna ambaye angekufa. Gharama ya jina jipya hailipwi na aliyelibuni. Inalipwa na mama mwenye cheti cha shule kilichoandikwa Gikongoro, anayeombwa kwenye dirisha la ofisi, na kijana aliyezaliwa baada ya 2006, aeleze Gikongoro ni wapi. Inalipwa na duka lenye mihuri mitatu ya mpira isiyofaa tena. Na mimi, kama nilivyosema, nililipa kwa dizeli.

Halafu jina halifi kwa sheria. Siku moja nilikuwa stendi ya Nyabugogo, Kigali, nakwenda kuonana na yuleyule tajiri wa mchele (tulipatana, alikuja kuwa mteja wangu mzuri). Dirishani nikasema nataka tiketi ya Butare. Binti akanichapia, akanipa. Tiketi imeandikwa Huye. Natoka nje, konda anaita kwa sauti ya kupasua: "Butare! Butare! Butare!" Basi lenyewe kioo cha mbele kimebandikwa Huye. Nikaingia nikakaa karibu na babu mmoja mwenye kofia ya pama. Tukasalimiana kwa Kiswahili, akaniuliza naenda wapi, nikasema Huye ili nionekane mtu wa kisasa. Akacheka. Akaniambia yeye alizaliwa Astrida.

Astrida ni mji huohuo. Wabelgiji waliuita hivyo kwa heshima ya malkia wao, Astrid. Uhuru ulipokuja 1962 ukawa Butare, na mwaka uliofuata ukapata chuo kikuu cha taifa. Mwaka 2006 ukawa Huye. Babu yule hakuwahi kuhama, na mji wake umebadilishwa jina mara mbili akiwa hai. Nilimuuliza analipenda lipi. Akasema anapenda kufika mapema, kabla mvua haijanyesha.

Na huo mji, pamoja na chuo chake na makumbusho yake na umaarufu wake wote, haukupewa hata makao ya mkoa mpya. Mkoa wa Kusini makao yake ni Nyanza, mji wa zamani wa wafalme. Mkoa wa Mashariki makao yake ni Rwamagana, si Kibungo. Unapoziunganisha nyumba kadhaa, ukimpa mmoja ufunguo wengine watasema wamemezwa. Nalielewa hilo kuliko ninavyoelewa hesabu za bajeti.

Sisi Tanzania tuliwahi kuwa na jina la dira hapahapa. Mkoa wangu uliitwa Ziwa Magharibi. Baada ya vita vya Idi Amin, mwaka 1979, tukaitwa Kagera, jina la mto, ambao maji yake yanaanzia huko Rwanda na Burundi kwenye vilima na kuporomoka hapa Rusumo kabla ya kuzunguka kwenda Ziwa Victoria. Kwa hiyo sisi tulitoka kwenye dira tukaenda kwenye mto, wao wakatoka kwenye miji wakaenda kwenye dira. Cha kuchekesha ni kwamba hata jina la kanda tu kwetu lina mapenzi yake. Mtu wa Mwanza atajigamba kuwa mtoto wa Kanda ya Ziwa, na Kanda ya Ziwa haina ofisi ya mkuu wa mkoa wala bendera. Ukiongea kwa nguvu na kucheka kwa sauti Dar es Salaam utaulizwa kama umetoka huko. Sijui wajukuu wa yule mwalimu kama nao siku moja watajigamba hivyo kuwa watu wa Mashariki. Nimewasikia vijana wa Nyagatare, hukohuko Mashariki, madereva wa lori, wakitaniana na wenzao wa Musanze kuhusu nani anastahimili baridi. Wakati ule walisema "nyinyi wa Amajyaruguru," na hakuna aliyenuna.

Wakati huohuo jirani mwingine, Kongo, alifanya kinyume. Mwaka 2015 majimbo yake 11 yalikatwakatwa kuwa 26, na Katanga peke yake ikazaa manne: Katanga Juu, Lualaba, Lomami ya Juu na Tanganyika. Hilo ni daftari la mawakala wa Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, Mungu awasaidie.

La kwangu limepata ukurasa mpya. Ngara ina mipaka miwili, Rusumo kwa Rwanda na Kabanga kwa Burundi, na Burundi nayo imeunganisha. Sheria ilipita 2023, na uchaguzi wa Juni 2025 ukafanyika kwa ramani mpya: mikoa 18 imekuwa 5, komini, ngazi iliyo chini ya mkoa, zilikuwa 119 zimekuwa 42. Muyinga, ambako ndiko ukivuka Kabanga unaingia, imeunganishwa na Cankuzo na Ruyigi, na mkoa unaitwa Buhumuza. Ngozi, Kayanza na Kirundo ni Butanyerera. Kusini, Makamba, Bururi, Rumonge na Rutana ni Burunga, na wenzetu wa Manyovu kule Kigoma ndio wanaohangaika nalo hilo.

Warundi hawakutumia dira, na hawakuwatendea wote sawa. Mikoa mitatu imepewa jina ambalo halikuwa la mkoa wowote kati ya iliyounganishwa. Lakini Gitega imebaki Gitega, na Bujumbura imebaki Bujumbura. Mtu wa Muramvya, palipokuwa kwa mwami, yaani mfalme, sasa anaandika Gitega. Mtu wa Cibitoke anaandika Bujumbura. Mfanyabiashara mmoja wa Ngozi aliniambia hana shida na Butanyerera, kwa kuwa Kayanza nao wamepoteza jina; kifo cha wengi harusi. Shemeji yake wa Muramvya ndiye mwenye donge.

Wiki jana kijana wangu wa ofisini alikuwa anajaza hati ya shehena ya mabati. Ni kijana mwepesi, anachapa kwa vidole kumi, mimi bado nadonoa. Nikapita nyuma yake nikasoma kwenye kioo: mahali pa kushushia, Gisagara. Mstari wa nchi ameuruka, atarudi kuujaza.

Gisagara ni wilaya ya Rwanda, mkoa wa Kusini, jirani na Huye. Gisagara ni komini ya Burundi, mkoa wa Buhumuza. Lori la kwanza linapita Rusumo, la pili linapita Kabanga.

"Gisagara ipi?" nikamuuliza.

Akageuka. "Kwani ziko ngapi, bosi?"

Nikavuta droo, nikatoa kaunta buku.